Kikoa chako kimeandikwa kwa jina la nani?

Mwenye biashara hukumbuka vizuri alilipa kiasi gani kutengenezewa tovuti. Muulize kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani, kwa barua pepe ipi, na kinaisha tarehe ngapi, mara nyingi atakujibu, "Hayo anayajua yule kijana." Hapo ndipo penye hatari. Wadukuzi wanaogopwa sana, lakini sababu ya kawaida ya mtu kupoteza jina la tovuti ni kwamba anayelitumia siye aliyeandikwa kwenye usajili, au aliyeandikwa alishaacha kufungua barua pepe ile. Kwa hiyo kila hatua iliyomo humu, kuanzia kuchagua jina hadi kulihamisha, ipime kwa swali hilo: nani ameandikwa?

Unachokilipia hasa

Kompyuta kwenye intaneti hutambuana kwa namba, yaani anwani za IP kama 192.0.2.15. Kikoa, ambacho wengi wetu tunakiita domeini, ni jina linaloelekeza kwenye namba hizo. Zamani majina yote na namba zake yalikaa kwenye faili moja iliyotunzwa California, na kila kompyuta ilichukua nakala yake. Mtandao ulipopanuka faili ile ikaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS, ambamo kila ngazi ya jina ina mtunzaji wake na hakuna anayelazimika kuyajua majina yote.

Tuchukue jina la kubuni, www.asalitabora.co.tz. Husomwa kutoka kulia. Simu yako inapolitafuta, swali huanzia kwenye mzizi wa mfumo, wenye seva zilizopewa herufi A hadi M, 13 kwa jumla. Mzizi haujui chochote kuhusu asali. Unachojua ni seva zinazotunza .tz. Seva za .tz nazo zinajibu kwamba habari za asalitabora.co.tz ziko kwenye seva fulani za majina. Hizo ndizo hatimaye zinatoa namba ya IP. Unachosajili wewe ni asalitabora.co.tz tu. Vilivyo kushoto kwake, kama www, duka au ofisi, ni vyako kuvitunga upendavyo, bila kulipa zaidi.

Jina hilo hulinunui kwa maana ya kununua kiwanja. Unalikodi, kwa .com kuanzia mwaka 1 hadi 10. Linafanana sana na sanduku la posta: unalipia, ukiacha kulipa linapewa mwingine, na barua zako zinaanza kumwendea yeye. Hili la barua si mfano tu. Atakayesajili kikoa ulichokiachia anaweza kufungua upya anwani zilezile za barua pepe ulizokuwa nazo, kisha akaomba kubadilisha nenosiri la akaunti zako zilizounganishwa nazo.

Usajili una watu watatu. Kuna rejista, inayotunza daftari kuu: KeNIC kwa .ke, Verisign kwa .com, na .tz nayo ina yake. Kuna msajili, kampuni iliyoidhinishwa kuuza majina na kuyaandika kwenye daftari hilo. Kisha kuna wewe, mwenye jina. Kampuni ya hostingi, inayohifadhi kurasa zenyewe, ni mtu wa nne, hata kama ni hiyohiyo iliyokuuzia jina. Zitenganishe kichwani. Ukihama hostingi huna haja ya kuhamisha kikoa. Unabadilisha tu kinakoelekeza.

Jina na mwisho wake

Kikoa cha kawaida kinakubali herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Kistari hakikai mwanzo wala mwisho. Kila sehemu kati ya nukta na nukta isizidi herufi 63, na jina zima lisizidi 253. Herufi kubwa na ndogo ni sawa.

Kwa Kiswahili kuna mtego wake. Ritifaa haikubaliki, kwa hiyo ng'ombe atakuwa ngombe, na ng'ambo itakuwa ngambo. Watu pia huandika wanavyotamka: khanga na kanga, dhahabu na zahabu, thamani na samani. Hilo la mwisho linabadilisha hata maana. Kama jina lako lina kh, dh, gh au th, sajili na tahajia ya pili, uielekeze kwenye ya kwanza. Gharama ya jina moja la ziada kwa mwaka ni ndogo kuliko wateja wanaoishia kwa jirani. Jaribio zuri ni kumtajia mtu jina kwa simu, bila kumwandikia, kisha umwombe akutumie ujumbe wenye jina alilosikia. Akikosea, mabango na matangazo ya redio yatakosewa vilevile. Epuka tarakimu inayosimama badala ya neno, maana hakuna msikilizaji atakayejua kama ni 4 au "nne".

Mwisho wa jina una maana yake. Kwa Tanzania, co.tz ni ya biashara, or.tz ya asasi, ne.tz ya watoa huduma za mtandao, me.tz ya mtu binafsi, na ipo hata hotel.tz. Nyingine zimefungwa: go.tz ni ya serikali, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, mil.tz ya jeshi, na kuzipata kunahitaji nyaraka za taasisi. Kenya ina mpangilio wa namna hiyo, co.ke, or.ke, ac.ke, sc.ke, na pia inaruhusu kusajili moja kwa moja chini ya .ke. Hapo watu huteleza: asali.ke na asali.co.ke ni majina mawili tofauti na yanaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Ukichukua moja, angalia na la pili lina nani.

Kwa biashara ambayo wateja wake wako Tanzania, ushauri wetu ni co.tz kwanza, na .com ikiwa bado ipo. Mteja wa Mwanza akiona .tz anajua ni wa hapa, na likitokea tatizo, msajili na rejista wako karibu na unaweza kwenda ofisini na karatasi zako mkononi. Anayehudumia nchi kadhaa anaweza kufikiria .africa, iliyoanza kutumika 2017 na ambayo rejista yake iko Afrika Kusini.

Majina ya bure yaachie hapohapo. Kwa miaka mingi .tk, .ml na .ga ziligawiwa bila malipo, na wanafunzi wengi walianzia huko. Mwaka 2023 Gabon ilirudisha usimamizi wa .ga nyumbani na mamilioni ya majina yakafutwa. Asiyelipa hana risiti, na asiye na risiti hana pa kulalamikia. Kumbuka pia kwamba .me ni ya Montenegro na .tv ni ya Tuvalu. Bei na kanuni zao hazipangwi Dar es Salaam wala Nairobi, na .me si sawa na me.tz.

Kabla hujalipa, fanya mambo mawili. Tafuta jina kwenye ukurasa wa msajili uone kama liko wazi, halafu hakikisha halifanani na alama ya biashara ya mtu mwingine. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, hakukupi kikoa, na kuwa na kikoa hakukupi haki ya jina BRELA. Ni madaftari mawili yasiyosomana, na kwenye vikoa anayewahi ndiye anayepata. Mwenye alama ya biashara anaweza kuja baadaye kudai. Kwa .com kuna utaratibu wa usuluhishi unaoitwa UDRP, uliopitishwa 1999. Kufungua shauri la jina moja mbele ya msuluhishi mmoja wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, ni dola 1,500. Kusajili jina la kampuni kubwa ukitegemea uje uiuzie ni kutafuta kesi.

Fomu ya usajili, mstari kwa mstari

Hapa nenda taratibu. Fomu itakutaka utaje mwenye jina, anayesimamia malipo na anayesimamia ufundi. Neno lenye uzito kwenye skrini ni Registrant. Mtu au kampuni inayoandikwa hapo ndiye mwenye kikoa, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwa mwingine. Andika jina la biashara kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Kama huna biashara iliyosajiliwa, andika majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho. Fundi aliyekutengenezea tovuti anaweza kuandikwa kwenye sehemu ya ufundi, na hapo panamtosha.

Barua pepe ya Registrant isiwe ya kikoa hichohicho. Kosa hili ni la kawaida mno na madhara yake ni makubwa. Ukijaza info@asalitabora.co.tz, siku kikoa kitakapoisha barua pepe hiyo itakufa nacho, na ujumbe wa kukukumbusha kulipa, pamoja na kiungo cha kubadilisha nenosiri, vitatumwa mahali ambapo hapapo tena. Weka anwani ya huduma nyingine, inayofunguliwa na watu wawili mnaoaminiana. Kwa .com utatumiwa ujumbe wa kuthibitisha anwani hiyo, na usipoubonyeza ndani ya siku 15 kikoa kinaweza kusimamishwa. Wengi huudhani ni ujumbe wa utapeli wakaufuta, kisha wakashangaa tovuti mpya imezimika wiki ya tatu.

Kuhusu bei, usisome ya mwaka wa kwanza peke yake. Soma ya kuhuisha, yaani ya kulipia miaka inayofuata. Msajili anayekuuzia .com kwa dola 1 anapata hasara mwaka huo, kwa sababu Verisign humtoza dola 10.26 kwa kila jina tangu Septemba 2024. Hasara hiyo ataifidia miaka inayofuata. Kagua pia vitu vilivyotiwa tiki bila wewe kutaka. Cheti cha usalama, kile kinacholeta https, hupatikana bure kutoka Let's Encrypt na hostingi nyingi hukiweka zenyewe. Kuficha taarifa zako binafsi kwenye daftari la umma, wasajili wengi hawatozi.

Ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money kwa msajili wa hapa nyumbani, hifadhi ankara yenye jina la kikoa, maana ujumbe wa muamala peke yake hautaji kikoa. Ukilipa kwa kadi, jihadhari na kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia simu. Unawasha kuhuisha kwa otomatiki, unalala ukijua mambo yako salama, na mwaka ujao kadi imeisha muda au haina salio.

Baada ya malipo, ingia kwenye akaunti na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kisha tafuta jina lako kwenye daftari la umma, kwa .com ni lookup.icann.org. Utaona hali iliyoandikwa clientTransferProhibited. Isikutishe, maana yake jina limefungwa lisihamishwe bila idhini yako, na ndivyo inavyotakiwa. Utaona pia tarehe ya mwisho, mfano 2027-03-14T21:30:00Z. Ile Z ni saa za Greenwich. Ongeza saa 3 upate za Afrika Mashariki: hapo ni tarehe 15 Machi, saa sita na nusu usiku. Ukikuta jina la kampuni ya fundi mahali palipotakiwa kuwa na jina lako, mwambie siku hiyohiyo.

Kuunganisha, na kwa nini barua pepe hufa

Kikoa kilichosajiliwa hakifanyi chochote mpaka kipewe seva za majina, angalau mbili, ambazo kampuni ya hostingi itakutajia, mfano ns1 na ns2. Ndani ya seva hizo kuna rekodi. Rekodi A inaelekeza jina kwenye anwani ya IP ya namba nne, na AAAA kwenye anwani ndefu za kizazi kipya. CNAME inasema jina hili ni sawa na lile. Haiwekwi kwenye kikoa chenyewe, inawekwa kwenye www au tawi jingine. MX inasema barua pepe ziende seva ipi, na lazima itaje jina, si namba ya IP. TXT hubeba maelezo mengine, ikiwemo SPF, inayotaja nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina lako.

Kwenye sanduku la jina la rekodi andika www tu, au alama ya @ kwa kikoa chenyewe. Paneli nyingi huongeza kikoa zenyewe, kwa hiyo ukiandika www.asalitabora.co.tz utapata www.asalitabora.co.tz.asalitabora.co.tz, na tovuti haitafunguka ng'o. Kwa SPF, mstari unaoanza na v=spf1 uwe mmoja tu. Ukiwa na huduma mbili za kutuma barua, ziunganishe kwenye mstari huohuo. Ukiweka mistari miwili, seva za wengine huiona kama kosa, na barua zako zinakuwa hatarini kuishia kwenye takataka.

Balaa kubwa hutokea siku ya kuhama hostingi. Fundi anabadilisha seva za majina, tovuti mpya inawaka, kila mtu anapiga makofi, na kesho yake hakuna barua inayoingia. Sababu ni nyepesi: rekodi zote ziliishi kwenye seva za zamani. Seva mpya hazina MX mpaka mtu aziandike. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, piga picha au nakili kila rekodi iliyopo, hata usiyoijua kazi yake. Ziandike zote kwenye seva mpya. Siku moja au mbili kabla, shusha TTL ya rekodi kutoka 3600 au zaidi hadi 300. Hiyo ni idadi ya sekunde ambazo mitandao mingine hukumbuka jibu la zamani kabla ya kuuliza upya. Ndipo ubadilishe seva za majina. Usizime hostingi ya zamani mara moja. Kwa .com, maelekezo ya seva za majina yenyewe hukumbukwa sekunde 172,800, yaani saa 48, na hizo huwezi kuzipunguza wewe. Ndani ya siku hizo mbili wateja wengine wataletwa kwenye seva ya zamani na wengine kwenye mpya.

Kama kikoa kina DNSSEC, ambayo ni saini ya kuthibitisha majibu, ondoa kwanza rekodi ya DS, inayoitambulisha saini hiyo, kwa msajili, subiri siku moja au mbili, ndipo uhame. Ukiiacha, saini ya zamani haitalingana na seva mpya, na mitandao inayokagua saini itakataa kukifungua kabisa huku mingine ikikifungua kama kawaida. Ukisikia "kwangu inafunguka, kwake haifunguki", anzia kuchunguza hapo.

Tarehe ya mwisho ikipita

Kwa .com, msajili anatakiwa kukukumbusha takriban mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Likiisha, kuna muhula unaoweza kufika siku 45 ambapo bado unaweza kulipa, lakini msajili anaamua auweke mrefu kiasi gani, na wengine hulipeleka jina mnadani ndani ya muda huo. Kisha kuna siku 30 za kukomboa, kwa faini ambayo huwa kubwa kuliko ada ya mwaka. Halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, ambapo hakuna kinachowezekana. Baada ya hapo jina liko sokoni, na kuna programu za kompyuta zinazolinyemelea kwa sekunde. Kwa .tz na .ke kalenda ni yao. Muulize msajili wako siku ngapi, umtake ajibu kwa maandishi.

Vilevile utapokea barua pepe zinazojifanya ankara za kuhuisha, au zinazodai kampuni fulani huko China inataka kusajili jina lako na una saa chache za kulizuia. Usibonyeze viungo vyake. Fungua akaunti yako kwa msajili kwa kuandika anwani mwenyewe, uone tarehe halisi.

Kama jina liko mikononi mwa mwingine

Lifanyeni mkiwa bado mnaelewana. Njia rahisi ni kufungua akaunti yako kwa msajili huyohuyo, kisha fundi akabidhi kikoa kutoka akaunti yake kwenda yako na kubadilisha Registrant. Kwa kawaida huisha siku hiyohiyo. Ukitaka msajili mwingine, mwenye akaunti anafungua kufuli, anakupa msimbo wa uhamisho, na wewe unaupeleka kwa msajili mpya. Kwa .com huchukua hadi siku 5, unalipia mwaka 1 na mwaka huo unaongezwa kwenye muda uliobaki. Haiwezekani ndani ya siku 60 za mwanzo tangu kusajiliwa au kuhamishwa mara ya mwisho. Kubadilisha jina la mwenye kikoa kunaweza pia kuleta kufuli la siku 60, kwa hiyo ukihitaji yote mawili, hamisha kwanza, kisha badilisha jina.

Fundi akigoma, kusanya cheti cha BRELA, ankara, risiti na mawasiliano yanayoonyesha alisajili kwa niaba yako. Peleka kwa msajili kwanza, kwa maandishi. Asipojibu, nenda kwenye rejista. Usiache jina liishe muda ukidhani utaliwahi likifutwa. Kwa mkataba mpya weka sentensi moja: kikoa kitasajiliwa kwa jina na barua pepe ya mteja, na nenosiri la akaunti litakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho.

Kisha chukua karatasi moja, andika jina la msajili, barua pepe ya akaunti, tarehe ya kuisha, seva za majina na mahali zilipohifadhiwa namba za dharura za uthibitisho wa hatua mbili. Iweke pamoja na leseni ya biashara, na mwonyeshe mtu mmoja zaidi ilipo.